Chevrolet Iliyodanganya Mwaka

Binamu yangu hajui kutazama filamu. Ni fundi wa magari, ana kibanda chake nyuma ya Kirinyaga Road, pale ambapo wazee bado wanapaita Grogan, na kila gari likikatiza kwenye skrini lazima asimamishe picha alikague. Jumamosi moja nilimwekea American Graffiti kwenye laptop. Filamu ya saa mbili kasoro ikatumalizia alasiri nzima. Vijana wa kwenye filamu walipokuwa wakiliana mapenzi, yeye alikuwa kwa simu akimtafutia mteja giaboksi ya Noah. Lakini ilipojitokeza ile Chevrolet nyeusi, dereva wake kavaa kofia pana nyeupe, akizunguka mji mzima akitafuta mtu wa kushindana naye, simu iliwekwa chini.

"Hii movie ni ya mwaka gani?"

"Ilitoka 1973. Lakini hadithi ni ya 1962, usiku mmoja tu."

Akarudisha nyuma. Akasikiliza mngurumo. Akarudisha tena.

"Basi hii gari inadanganya."

Nilimwambia aache ujuaji. Usiku huo akanitumia ujumbe mrefu wa WhatsApp, viungo vitatu na picha nane, na kwa aibu kidogo nikakubali. Gari lilikuwa likidanganya kweli, na tangu siku hiyo siwezi kuitazama filamu hiyo kama zamani. Ninaipenda zaidi, kwa kweli, lakini ninaiamini kidogo.

Kesi yenyewe ni hii. Lile gari ni Chevrolet ya 1955. Halikujengwa kwa ajili ya American Graffiti. Fundi mmoja wa California, Richard Ruth, alitengeneza matatu ya aina hiyo mwaka 1970 kwa ajili ya filamu nyingine kabisa, Two-Lane Blacktop ya Monte Hellman, iliyotoka 1971. Studio ilikuwa ileile, Universal. George Lucas alipokuja kutengeneza filamu yake kwa bajeti isiyofika hata dola milioni 1, magari yalikuwa yamekaa tu. Mawili yakachukuliwa, yakapakwa rangi nyeusi, na usukani akapewa Harrison Ford, wakati huo msee tu wa kawaida ambaye hakuna aliyekuwa akimjua. Chini ya bonneti kulikuwa na injini ya Chevrolet inayoitwa 454, yaani inchi za ujazo 454, karibu lita 7.4. Injini hiyo ilianza kuuzwa katika magari ya mwaka 1970. Kwa hivyo katika usiku wa 1962, usiku ambao Lucas aliujenga upya kwa taa za neoni, nywele zilizopakwa mafuta na nyimbo za redioni, gari linalotisha kuliko yote limetoka miaka 8 mbele.

Sasa utaniuliza, nani anajali? Ni sinema. Mtu anayehesabu injini kwenye sinema ni kama yule mjomba anayekwenda harusini kuhesabu vipande vya nyama. Lakini kuna watu huko Marekani wanaotumia miaka na mapesa kujenga magari ya aina hii hasa, ya barabarani lakini yenye umbo la mashindano ya dragi ya zamani, na swali la kwanza wanaloulizana ni la mwaka. Umesimamisha saa yako wapi? Ukisema 1962, basi hakuna nati itakayoingia kwenye gari hilo ambayo haingeweza kununuliwa 1962. Na hapo ndipo mzaha unapokuwa mzito, kwa sababu wengi wao walipenda magari haya baada ya kuliona hilihili jeusi, lililowadanganya.

Tuanze na magari yenyewe. Mashindano ya dragi ni rahisi kueleza: magari mawili, mstari ulionyooka, robo maili, yaani mita 402, atakayefika kwanza. Vijana wa California walikuwa wakifanya hivyo barabarani na kwenye viwanja vya ndege vya jeshi vilivyoachwa baada ya vita, mpaka 1951 Wally Parks alipoanzisha chama cha NHRA ili mchezo uwe na kanuni na watu waache kufa ovyo. Kati ya madaraja yaliyozaliwa kulikuwa na moja la magari ya kawaida yaliyobadilishwa, yaliyotakiwa kutumia petroli ya stesheni tu, si pombe wala nitro. Wamarekani wanaiita petroli gasi, kwa hivyo magari hayo yakaitwa gasa. Uligawa uzito wa gari kwa ukubwa wa injini, ukapata daraja lako. Uliruhusiwa kuisogeza injini nyuma kidogo, asilimia 10 ya umbali kati ya ekseli mbili. Ndani ya mipaka hiyo, kila mtu na akili yake.

Na akili zilikuwa nyingi. Tazama picha yoyote ya gasa: pua iko juu kama mtu aliyekasirika, mbele kuna ekseli moja nzima ya lori iliyofungwa kwa springi za mabamba, nyuma kuna tairi pana zisizo na meno. Hiyo pua haikuinuliwa kwa mbwembwe. Tairi za wakati ule zilikuwa ngumu na nyembamba, hazikuweza kushika lami. Fundi alijua kwamba gari likiruka kutoka mstarini uzito hurudi nyuma, na kadiri uzito unavyokaa juu ndivyo unavyorudi zaidi, ukazikandamiza tairi za nyuma, zikashika. Kwa hivyo akaliinua. Ni jua kali kabisa. Hana doo ya kubuni kitu kipya, anachukua ekseli kwenye gari bovu, anaitia chini ya gari jingine, linatoka la kutisha. Baadaye tairi laini zilipokuja, sababu ya kuinua ikaondoka, na magari yakaanza kushuka. Kufikia mwisho wa miaka ya 60 watazamaji walikuwa wamehamia kwenye magari mengine ya ajabu zaidi, yenye bodi za faibaglasi, na gasa zikauzwa, zikakatwa, zikaoza.

Ndiyo maana ninacheka kidogo, samahani, ninapoona gasa mpya mtandaoni ambazo pua imeinuliwa mpaka dereva anaona mawingu tu. Wanaozijenga wanasema ni za kweli kwa wakati wake. Si za kweli. Ni katuni ya wakati wake. Wamekariri umbo wakasahau sababu, na umbo likishaachwa bila sababu huanza kukua lenyewe, kama uongo wa kijiweni ambao kila anayeupokea anauongezea chumvi.

Two-Lane Blacktop, kwa upande mwingine, inaelewa sababu. Ukiitazama kabla ya American Graffiti, na ninakushauri ufanye hivyo, utaliona gari lilelile kabla halijapakwa nyeusi. Ni la kijivu, rangi ile ya chini ambayo fundi huipulizia kabla ya rangi yenyewe. Halina urembo wowote. Sehemu yote ya mbele ni kipande kimoja cha faibaglasi kinachofunguka kama mdomo wa kiboko. Vioo vya pembeni ni vya plastiki, vya kusukuma. Kiti cha nyuma hakipo, na msichana anayepanda njiani anakaa sakafuni. Kila kitu kisichosaidia kwenda mbele kimetolewa, hata majina: wahusika wanaitwa Dereva, Fundi na Msichana tu. Dereva ni James Taylor, mwimbaji. Fundi ni Dennis Wilson, mpiga ngoma wa The Beach Boys. Hawaigizi sana. Wanazungumza kuhusu kabureta na vali, halafu wananyamaza, halafu wanazungumza tena kuhusu kabureta. Binamu alisema hiyo ndiyo filamu ya kwanza ya Wazungu kuonyesha kazi yake ilivyo.

Anayeshindana nao ni mwanamume wa makamo aliyeigizwa na Warren Oates, ndani ya Pontiac GTO ya 1970, mpya kutoka dukani, rangi inawaka. Wanakubaliana kukimbia mpaka Washington, D.C., na mshindi atachukua gari la mwenzake, pamoja na hati zake. Huyu bwana wa GTO ana tabia moja. Kila anayempa lifti anampa hadithi tofauti ya maisha yake. Gari limetoka hivi, kazi ilikuwa ile, mke alikuwa vile. Hajajenga chochote, kanunua, kwa hivyo lazima ajijengee maneno. Wale wawili hawana hadithi hata moja, lakini wanaijua kila nati ya gari lao. Hellman hamcheki yule mzee. Anamwonea huruma, na Oates anaigiza vizuri kiasi kwamba unaanza kumpenda kuliko wale vijana wenye nyuso za mawe. Hata hivyo filamu ina msimamo, na sioni kama kuna mwingine aliyewahi kusema vizuri hivyo tofauti kati ya gari la kununua na gari la kutengeneza.

Na katika filamu hiyo injini ya 454 ni kweli tupu. Ni 1970, injini imetoka, kijana mwenye akili angeitaka hiyohiyo. Gari la miaka 15 limebeba injini ya mwaka huuhuu. Kwa maana hiyo gasa halisi halikuwa na wakati wake wa zamani wa kulinda. Lilikuwa likifukuza kesho. Wale vijana wa 1962 wangekiona kipande cha 1970 kikianguka kutoka mbinguni wangekifunga asubuhi hiyohiyo bila kusali.

Gari ni lilelile basi, nati kwa nati. Mwaka 1971 linasema ukweli, mwaka 1973 limepakwa rangi likawa mwongo. Huko kwenye American Graffiti hata nyimbo zina kesi. Kuna eneo mapema ambapo John Milner, yule bingwa wa mbio mwenye Ford ya manjano ya 1932, anasikia The Beach Boys redioni na kukasirika. Wimbo ni "Surfin' Safari", wa 1962, na ndiyo, hiyo ni safari yetu, neno letu limevuka bahari mbili likaenda kubebwa kwenye mbao za kuteleza juu ya mawimbi huko California. Milner anaona muziki umekufa tangu Buddy Holly afariki. Wimbo huo uko sawa na tarehe yake. Lakini filamu inapoisha, majina yanapopanda, wanaimba tena The Beach Boys, na safari hii ni wimbo wa 1964. Anayepiga ngoma humo ni Dennis Wilson, yuleyule Fundi wa gari la kijivu. Nilipoligundua hilo nilimpigia binamu saa tano za usiku. Alinitukana, halafu akacheka.

Halafu kuna hili. Upande wa pili wa sahani ya "Surfin' Safari" kulikuwa na wimbo unaoitwa "409". Ni wimbo wa kuisifu injini. Chevrolet 409, inchi za ujazo 409, ndiyo iliyokuwa injini kubwa ya Chevrolet mwaka 1962, ile ambayo kila kijana wa mji kama huo angeiota. Kwa maneno mengine, jibu sahihi la swali la binamu yangu lilikuwa limechapishwa nyuma ya sahani ambayo filamu yenyewe inaicheza.

Je, ni kosa la Lucas? Sidhani kama ni uvivu. Yeye ni mtoto wa Modesto, mji ambao filamu inausimulia, ingawa sehemu kubwa ilipigwa Petaluma na San Rafael. Alikuwa kijana wa magari kwelikweli, akitaka kuwa dereva wa mashindano. Juni 1962, siku chache kabla ya kumaliza shule ya upili, aligongwa akiwa ndani ya kigari chake cha Kiitaliano. Mkanda wa kiti ukakatika, akarushwa nje kabla gari halijajikunja kwenye mti, na kukatika huko ndiko kulikomwokoa. Ndoto ya mashindano ikaishia hapo. Ukijua hivyo, mwaka 1962 unaacha kuwa mapambo. Mwisho wa filamu, alfajiri, Milner anashindana na ile Chevrolet nyeusi kwenye barabara ya nje ya mji. Chevrolet inapoteza mwelekeo, inapinduka, inawaka moto, na waliomo wanatoka wakiwa hai. Kila mtu anamshangilia Milner. Yeye peke yake anajua, na anamwambia rafiki yake kwa sauti ya chini, kwamba alikuwa anashindwa. Lile jeusi lilikuwa na kasi zaidi.

Bila shaka lilikuwa na kasi zaidi, buda, lilitoka 1970!

Hapo ndipo nadhani uongo wa gari unaisaidia filamu, hata kama hakuna aliyeupanga. Milner ni mtu aliyesimamisha saa. Gari lake ni la 1932, muziki wake umekoma na Buddy Holly, na anashindwa na kitu ambacho hakijazaliwa bado. Anayetaka kumjengea Falfa gari lenye 409 sahihi angeifanya historia iwe safi na kulifanya eneo hilo liwe dogo. Mimi kama mhakiki ningeiacha 454 mahali pake. Kama fundi, binamu anasema angeitoa. Tumekubaliana kutokubaliana.

Lakini kuna uongo mwingine wa mwaka katika filamu hiyo, na huo siwezi kuusamehe kwa urahisi. Sikiliza redio inayolia usiku kucha. Chuck Berry. Fats Domino. The Platters. Frankie Lymon. Hata zile dakika za mashindano ya alfajiri zinaendeshwa na "Green Onions" ya Booker T. & the M.G.'s, ya 1962 kamili. Usiku mzima wa vijana hawa umeshonwa kwa sauti za watu weusi. Sasa tazama nyuso zilizoko kwenye magari. Utahitaji tochi. Unaweza kusema ndivyo mji mdogo wa California ulivyokuwa, na labda ndivyo Lucas alivyoukumbuka. Sawa. Lakini tukizungumza kuhusu mbio za magari hasa, mwanzoni mwa miaka hiyohiyo ya 60, katika jimbo hilohilo, gasa lililozungumzwa kuliko yote lilikuwa Willys ya 1941, ya buluu, ya timu iliyoitwa Stone, Woods & Cook. Doug Cook, dereva, alikuwa Mzungu. Fred Stone na Tim Woods, wenye gari na pesa, walikuwa Wamarekani weusi. Jina la gari lilikuwa Swindler, yaani tapeli. Mpinzani wao mkubwa alikuwa "Big John" Mazmanian, mtu wa asili ya Armenia, na Willys yake nyekundu. Watengenezaji wa shafti za injini walikuwa wakitukanana kwenye matangazo ya magazeti kwa ajili ya ushindi wa magari haya, hadi msimu mzima ukaitwa vita. Mwenye Willys ya buluu alijulikana na kila kijana aliyesoma gazeti la magari.

Kwa hivyo mtu anaponiambia gari lake ni la kweli kwa mwaka 1962 na akanionyesha rimu za magneziamu, tangi dogo la mafuta lililofungwa mbele, rangi ya chengachenga na maandishi ya dhahabu mlangoni, ninataka kumuuliza: na watu je? Umetafuta miezi 6 kabureta yenye namba sahihi. Umekataa rediali, umenunua tairi za mtindo wa zamani zinazoyumbayumba barabarani. Halafu hadithi unayoisimulia pembeni ya gari lako, kuhusu enzi ya dhahabu ya vijana wa Marekani, imemtoa Fred Stone. Hiyo ni sehemu isiyo sahihi kuliko 454. Wapo wanaolijua hilo na kuliheshimu. Willys za buluu za kunakili ile ya Stone na Woods zipo nyingi. Lakini ukiiuliza sinema inayopendwa zaidi, ile iliyoingiza zaidi ya dola milioni 100 na kumfanya kila mtu amkumbuke 1962 ambaye hakuwa amezaliwa, haina habari.

Na wanawake tusiseme. Mwishoni kuna maandishi yanayotueleza yaliyowapata vijana wanne wa kiume. Milner aliuawa na dereva mlevi Desemba 1964. Mwingine alipotea vitani Vietnam. Wasichana ambao tumekaa nao usiku kucha hawakupewa hata mstari.

Turudi kwenye spana. Katika picha nilizotumiwa na binamu kulikuwa na gasa za kisasa zilizojengwa vizuri sana na nyingine zilizonikera. Zilizonikera zina alumini iliyochongwa na kompyuta, inang'aa kama sufuria ya harusi, na taa za LED. Kuna wenye ujanja zaidi: wanachukua distributa ya zamani, wanaitoa platini, wanaficha kifaa cha kielektroniki ndani, wanafunika. Ukitazama huoni. Binamu hana neno na hilo, anasema platini ni mateso na anayezipenda hajawahi kukwama Salgaa usiku. Breki za diski badala ya dramu pia tumezisamehe sote wawili. Barabara ya leo ina watu wengine, na hakuna mama anayevuka na mtoto aliyekubali kufa kwa sababu wewe unapenda 1962.

Kitu ambacho nadhani wajenzi wengi wanakikosa ni bei. Mwaka 1962, Chevrolet ya 1955 ilikuwa gari lililotumika, la miaka 7. Fikiria hilo kwa hesabu ya hapa. Sheria yetu hairuhusu gari kuukuu kuingia nchini likizidi miaka 8, kwa hivyo gari la miaka 7 ndilo hasa linaloshuka Mombasa kila wiki: Vitz, Note, Probox, Demio. Gari la jirani. Gari la mwalimu. Gasa lilizaliwa hapo, kwenye gari ambalo kijana wa duka la mboga angeweza kulimudu na kuliharibu bila kulia. Leo bodi ya 1955 ni kitu cha matajiri na wastaafu, na kuikata mashavu ili tairi kubwa ziingie ni kama kufuru. Ukweli wa sehemu unaweza kuununua. Ule mwingine, wa kuwa na miaka 19 na gari bovu na spana za kuazima, sijui utaununua wapi. Vijana wa Subaru unaowasikia Thika Road saa saba za usiku, ambao kwa kweli ninawachukia nikiwa usingizini, wako karibu na 1962 kuliko mstaafu wa Ohio mwenye gereji yenye kiyoyozi.

Haya yote yasingenikaa sana moyoni kama si ile Peugeot. Guka wetu alikufa miaka mitatu iliyopita na kuacha pickup ya 504 iliyobeba kabichi kutoka Kinangop hadi Wakulima kwa muda mrefu kuliko umri wangu. Iko kibandani kwa binamu. Injini imechoka. Kando yake, chini ya turubai, kuna injini ya Toyota ya dizeli ambayo mjomba mmoja amekwisha kuilipia, kwa sababu anataka gari lirudi kazini. Shangazi hataki kusikia. Anasema baba yake alikuwa mtu wa Peugeot, mambo ya Toyota yaletwe akiwa amelala naye. Nilikuwa upande wa shangazi, bila kusita. Nilikuwa nimesoma juu ya 1962, nilikuwa na nadharia.

Mwezi uliopita tulifungua bonneti vizuri kwa mara ya kwanza, tukaosha mafuta na vumbi la miaka. Kabureta haikuwa ya Peugeot. Ilikuwa ya Datsun, imeketishwa juu ya bamba la chuma ambalo mtu alilikata kwa mkono, unaona bado alama za tupa. Bomba la redieta lilikuwa limefungwa kwa waya wa ua. Waya ulikuwa umezungushwa mara sita na kupindwa mwisho kuelekea ndani, vile guka alivyokuwa akipinda kila waya shambani, ili usimkwaruze mtu.

Binamu aliangalia bamba lile muda mrefu. Akaliuliza, si mimi, bamba lenyewe, "Wewe ni wa mwaka gani sasa?"

Alifungua waya taratibu, akauosha kwa petroli, akautundika ukutani kwenye msumari akiwa anabadilisha bomba. Bomba jipya lilikuja na klipu zake. Alizitazama zile klipu, akazitia mfukoni, akaushusha waya, akaufunga tena, mara sita.

Injini bado iko chini ya turubai. Mjomba anapiga simu kila Jumapili.